Jina Ambalo Sikulisoma

Kasese, Uganda
Tarehe 16 Machi 2003

Mpendwa mpwa wangu Éliakim,

Huu ni mwaka wa saba tangu nitoke Butembo. Hamjambo nyumbani? Mama yako Bénite amepona mguu? Mimi ni mzima, ila macho yamechoka. Siku hizi nasoma asubuhi tu.

Barua yako imefika. Nimefurahi kwamba timu ya vijana wa kanisa letu imeingia fainali, na kwamba wewe ndiye mwalimu wao. Unasema kanuni inaruhusu kuazima wachezaji wawili, na wawili wa mji wa Beni wako tayari. Unaniuliza kama ni haki.

Mwaka 1996, nilipokuwa mwalimu wa timu hiyo, kanuni ilikuwa ileile, nami sikuivunja. Waasi walikuwa wameingia mjini majuma machache kabla, wakaturuhusu tucheze. Nilimwazima Phinées, mshambuliaji hodari wa Beni, nikampa namba tisa. Namba tisa ilikuwa ya Muyisa, mtoto wa Mama Jokébed. Alikuwa na miaka kumi na minne, na mwaka ule mzima hakukosa zoezi hata moja.

Sikumwambia. Unajua desturi yetu: baada ya ibada majina kumi na moja yanasomwa kanisani, kila mtoto anasimama, mama yake anapiga vigelegele. Nilipofika kwenye tisa, Muyisa alisimama kabla sijasoma. Mama yake alikwisha kuanza vigelegele. Nikasoma: "Phinées."

"Ikala, Muyisa, benchi inakuita!" vijana wa nyuma wakamcheka, wakimtaka aketi.

Alibaki amesimama. "Mwalimu, donc, kumbe mimi ndiye mugeni hapa?"

Niliendelea na namba kumi.

Tulishinda mabao mawili kwa moja, yote mawili ya Phinées. Baada ya mechi alinijia na jezi mkononi. "Mwalimu, mwenye maillot hii ni nani? Nimurudishie." Kumbe Muyisa mwenyewe alikuwa amepanda lori la waasi, lililosimama njia panda kuandikisha vijana. Wenzake walijaribu kumzuia. Aliwaambia, "Kule hapana benchi." Tangu siku ile hakuna aliyemwona.

Kesho yake Mama Jokébed alikuja kwangu. Hakunitukana. Aliniuliza, "Mwalimu, labda ulisahau tu kusoma jina yake?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mama. Nilisahau."

Akanishukuru, akaniombea. Juma lililofuata nilivuka mpaka, na watu wakadhani nimekimbia vita.

Éliakim, usiazime. Na kama wazee wa kanisa watakulazimisha, nenda kwanza nyumbani kwa mtoto unayemtoa, umwambie mbele ya mama yake, hata kama atalia.

Salamu za Mama Jokébed ulizoniandikia nimezipata. Usimrudishie salamu tupu. Mwambie sikusahau. Mwambie nilichagua.

Nisalimie Bénite, Vagheni na watoto wote wa huko Sikuli. Mungu awalinde njiani na nyumbani, awape amani ambayo sisi wazee hatukuwaachia.

Umeniomba nije kukabidhi kombe. Kutoka hapa hadi Butembo si mbali, na siku hizi magari yanapita. Mimi sitarudi.

Mjomba wako, akupendaye siku zote,
Siméon