Ufunguo Kwenye Msumari wa Hannold

Kambi ya Mabomba, Wamsutter, Wyoming
9 Machi 2003

Mwanangu Tressa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na mama yako, na kwamba goti lake limepoa. Mimi mzima, ila mgongo. Upepo wa huku hauna adabu. Unakupiga tangu unapotoka kitandani mpaka unaporudi. Jumanne bomba liliteleza kwenye mnyororo likamsaga mkono jamaa mmoja wa Oklahoma. Tulipomvua glavu, vidole viwili vilibaki ndani. Tulipokwisha kula mchana tukarudi kazini.

Kifurushi utakachopokea ni bunduki ya rangi, ya ule mchezo wenu wa kupigana gololi za rangi, hizi mpya za betri. Nimeinunua kwa Lyle, mwendesha kreni, ambaye mkewe amemwambia achague moja, yeye au bunduki. Nimeijaribu wiki tatu nyuma ya matangi, nikilenga mapipa, kwa hiyo nakuambia ninachokijua, si kilichoandikwa kwenye boksi.

Kwanza, ni nyepesi. Ratili mbili na kidogo, bila mtungi wa hewa. Ile yangu ya zamani ilikuwa kama kukimbia na nguzo ya uzio. Hii unainyanyua kwa mkono mmoja kama sufuria tupu. Ila ukifyatua mfululizo mtutu unapanda, kwa hiyo lenga kiuno upate kifua. Pili, inapiga pale unapoangalia. Kwa hatua arobaini nilikipiga kifuniko cha pipa mara tisa kati ya kumi, na ile ya kumi ulikuwa upepo. Tatu, baridi haiipendi. Asubuhi ya barafu gololi za rangi zinapasukia ndani ya mtutu, basi beba kitambaa. Betri weka mpya kila Jumamosi, kwa sababu ikichoka haikuambii.

Sasa ubaya wake. Kifyatulio ni chepesi mno. Ya zamani ilitaka uvute, na mtu akiwa anavuta ana nafasi ya kubadili nia. Hii unaigusa tu, tatu zimekwisha kwenda. Nilikuwa naipangusa, nimesahau kuizima, ikamchapa Lyle pajani. Akaniambia, "Wendell, hela yangu umenipa juzi tu, umekuja kuichukua?"

Skrubu ya mwendo iko nyuma, juu ya kishikio. Nimeiweka gololi iende futi 280 kwa sekunde, kama sheria inavyotaka. Kifunguo chake nimekitoa kwenye boksi makusudi. Usitafute kingine. Na kinyago usikivue uwanjani mpaka uone mitutu yote imevikwa soksi za kuzuia gololi.

Ni mimi, baba yako,
Wendell

*

Kolver Run, Pennsylvania
6 Aprili 2003

Shikamoo Baba,

Sisi wazima. Goti la mama limepoa, mdomo wake bado. Anasema kama ungekuwa na akili ungenitumia koti.

Bunduki ni kama ulivyosema. Nilipotokea nayo uwanjani, Cody Lesko wa timu ya bonde la pili akauliza, "Tressa, umekuja na kikausha nywele cha mama yako?" Dakika sita baadaye nilimpiga kooni kutoka kwenye yale magurudumu ya mbao ya kuzungushia nyaya, hatua thelathini, akiwa anakimbia.

Unajua alifanya nini? Alijifuta. Alipitisha mkono wa shati shingoni kama mtu anayefuta jasho, akaendelea kucheza, na mwamuzi alikuwa amegeukia kwingine. Nilisimama kumwonyesha mwamuzi, mtu wake mwingine akanipiga begani. Nikainua mkono juu kama inavyotakiwa, nikaanza kutoka. Cody akaja nyuma yangu hatua mbili, akanimwagia gololi. Mama alizihesabu alama mgongoni nikiwa bafuni. Kumi na moja, nyeusi katikati, pembeni njano kama yai bovu. Mbili zilichana ngozi, shati likagandia kwa damu. Cody akaja na tabasamu lake. "Samahani, dada. Sikuona mkono. Hivi unao?"

Na Mzee Hannold, mwenye uwanja, sijui nimemkosea nini. Wenzangu hupima bunduki zao kwenye ile mashine ya kupimia mwendo wa gololi pale getini mara moja, wanapita. Mimi mara tatu, mbele ya watu wote. Ananikazia lile jicho moja, na lile la kioo linatazama mlima. Nilimuuliza, "Mzee, nimekukosea nini?" Akasema, "Bado."

Kando ya mashine kuna msumari, na juu yake kimetundikwa kifunguo kidogo cha pembe sita kilichopinda, kimezungushiwa utepe wa bluu. Hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Mtu akikiomba anaambiwa, "Si chako hicho."

Baba, nitumie kile ulichokitoa kwenye boksi. Nitageuza robo tu, baada ya kupimwa. Wote wanafanya. Tarehe 31 Mei ni fainali, sisi na akina Cody, na nataka siku hiyo aisikie.

Mwanao,
Tressa

*

Wamsutter, Wyoming
20 Aprili 2003

Mwanangu Tressa,

Salamu nyingi kwako na kwa mama yako. Leo ni Pasaka, wametupa nyama ya nguruwe na saa nne za kulala. Mimi mzima.

Kifunguo sikutumii.

Cody ukimpiga shingoni atajifuta, basi mpige kwenye kioo cha kinyago. Hapo hawezi kujifuta bila kuzidi kujipaka, na asiyeona atatoka tu mwenyewe. Fanya hivyo ukiwa mbali, kwa mwendo wa sheria.

Kuhusu Hannold, mwache. Akitaka kukupima mara kumi, pima mara kumi.

Huo utepe wa bluu, ni mpana au mwembamba?

Baba yako,
Wendell

*

Kolver Run
18 Mei 2003

Shikamoo Baba,

Nimengoja barua yako. Nilikuandikia Aprili 27 nikakujibu kwamba utepe ni mwembamba, kama wa mafundi umeme. Tangu siku hiyo kimya. Nikipiga simu kambini mtu anasema yuko kazini, au amelala, au hatumjui. Uko hai?

Jana tulicheza na akina Cody nusu siku. Marlo, yule rafiki yangu tuliyesoma naye, alichuchumaa nyuma ya gari bovu, Cody akarukia juu ya boneti akamfyatulia kutoka juu kama mtu anayemwagilia bustani. Moja iliingia chini ya kinyago ikamvunja jino la mbele. Marlo alilitema kwenye kiganja, akalitazama. Cody akamwambia, "Liweke chini ya mto, huenda ukapata dola." Wenzake walicheka mpaka wakashika magoti. Marlo naye alicheka, damu ikimtoka, na hicho ndicho kilichonichoma.

Bunduki ya Cody ni moto, Baba. Ilikuwa 280 asubuhi na saa tano si 280 tena. Alama za gololi zake zinaonyesha. Hannold anampima mara moja, mimi mara tatu. Basi na aendelee.

Saa sita Hannold huingia kibandani kula mkate wake. Msumari uko upande wa nje.

Kama una neno la kuniambia, liseme kabla ya tarehe 31.

Mwanao,
Tressa

*

Wamsutter
27 Mei 2003

Mwanangu,

Natumai u mzima. Mimi si mzima sana, na safari hii si mgongo.

Barua yako ilinifikia Alhamisi. Simu ya kambini iko ukutani, hatua ishirini kutoka kitandani kwangu. Nimeishika mara tatu nikairudisha. Jana posta ilifungwa kwa sikukuu ya askari waliokufa, nikafurahi, nikapata siku moja zaidi ya kuwa mwoga. Sikusoma sana, lakini kwenye karatasi angalau hakuna anayenisikia nikikwama.

Wewe ulikuwa na miaka saba. Orrin Hannold alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu zangu wa damu. Tulikuwa tunachimba pamoja mpaka mgodi ukafungwa, na Jumapili tunacheza kwenye lile jalala la mawe ya makaa ambalo sasa ni uwanja wake. Jumapili moja tulipiga kura kugawana timu, tukawa pande mbili. Wiki iliyotangulia alikuwa amenipiga makalioni, baa nzima ikanicheka, nami nilitaka naye aisikie. Neno hilohilo ulilotumia wewe.

Tulipimiana bunduki asubuhi. Kisha nikaenda kukojoa msituni na kifunguo ndani ya buti, nikageuza skrubu. Si robo. Mzunguko mzima. Nilimkuta nyuma ya gogo, hatua tatu. Aligeuka. Vinyago vya siku hizo vilikuwa miwani ya karakana tu. Gololi ilipita kwenye kioo kana kwamba hakikuwepo. Hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, akaweka kiganja usoni, na kilichotoka kati ya vidole hakikuwa rangi yote.

Niliwaambia watu kioo kilikuwa cha zamani. Wakaniamini. Orrin hakuniuliza kitu, si siku hiyo, si hospitalini. Kifunguo changu kilipotea palepale, nikasema kimezama kwenye matope. Nilikuwa nimekizungushia utepe mwembamba wa bluu ili kisiniteleze mkononi.

Mama yako anafikiri niko huku kwa sababu ya mshahara. Nimeshindwa kupita barabara moja na mtu yule, ndiyo habari yote. Nakuja Krismasi siku nne na sitoki nje ya uzio.

Sijui kama hii itakuwahi. Usikiguse. Hannold hakupimi wewe, mwanangu. Ananipima mimi.

Naandika hii kama aliyepigwa anavyoinua mkono.

Baba yako,
Wendell

*

Kolver Run
4 Juni 2003

Shikamoo Baba,

Mama mzima. Mimi nina mikono miwili na macho mawili, na kila mwenzangu bado anayo yake.

Barua yako ilifika Jumatatu. Fainali ilikuwa Jumamosi.

Asubuhi nilipimwa mara tatu: 278, 280, 279. Saa sita Hannold akaingia kula. Nikakitoa kifunguo msumarini, nikaenda nyuma ya choo. Unasema wewe uligeuza mzunguko mzima. Mimi nilienda mzunguko na nusu.

Mchezo wa mwisho tulibaki mimi na Cody. Alikuwa nyuma ya gurudumu la mbao, anabweka, "Njoo, dada, njoo nikukaushe nywele." Nilikimbia. Bunduki nzito isingeniruhusu, ila hii niliinyoosha kwa mkono mmoja nikiwa mbio, nikafika juu yake hatua moja. Alikuwa amekwisha, Baba. Kioo chake kilikuwa kimejaa ukungu, amekisukuma mpaka kwenye paji la uso ili akipanguse kwa kidole gumba, mpumbavu yule. Nikayaona macho yake. Ya kijivu. Akainua mkono akasema, "Nimetoka, nimetoka."

Nilikuwa nimekwisha kugusa kifyatulio. Kama nilitaka au kidole kilitaka chenyewe, sitakuapia.

Zilitoka tatu. Zote ziliingia kwenye kiganja cha Hannold. Sikumwona akija. Aliutupa mkono wake mbele ya uso wa Cody kama mtu anayezuia mlango usifungwe. Kidole cha kati kilirudi nyuma, nikausikia mlio. Ngozi ya kiganja ilifunguka, na rangi ya chungwa na damu zilichanganyika hata huwezi kusema ipi ni ipi. Cody alitapika juu ya viatu vyake. Hakuna aliyemcheka.

Hannold alifunga mkono kwa taulo, akaichukua bunduki, akaenda nayo kwenye mashine mwenyewe. 352. Hakumwonyesha mtu mwingine. Akaizima.

Nilimuuliza alijuaje.

"Nilitoka kutafuta chumvi ya yai langu," akasema. "Jicho moja linatosha kuona msumari mtupu."

Nikampa kifunguo. Akakigeuza, akanirudishia.

"Nilikuambia si chako. Wala si changu. Nilikiokota kwenye matope kando ya buti la baba yako. Ni kitu cha kwanza nilichokiona kwa jicho hili moja."

"Miaka kumi na miwili ulijua, na hukusema?"

"Nilikitundika pale apitapo kila mtu. Nilifikiri atakuja kukiomba."

Jana nilimpelekea supu ya mama. Mkono wake umefungwa mpaka kwenye kiwiko, daktari anasema kidole hakitakunjika tena. Nikamsomea barua yako jikoni, yote, hata pale pa baa. Halafu akataka kuishika mwenyewe, akaisogeza karibu na jicho.

"Mwandiko wake bado ni kama kuku aliyekanyaga masizi," akasema. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati. Kwa hiyo sina barua yako tena.

Bunduki ameifungia kabatini. Mimi sichezi mpaka atakaposema, na tangu Jumapili nasimama pale getini badala yake, napima za wenzangu, kwa sababu yeye mkono hauwezi. Wote napima mara tatu. Cody naye anangoja zamu yake.

Kifunguo kimo ndani ya bahasha hii. Hannold amesema nikutumie. Msumari ameuacha ukutani na hataki utundikwe kitu kingine. Anasema kifunguo hakitarudi pale kwa posta, ila kwa mkono wako.

Mwanao,
Tressa