Kikombe cha Maji ya Kwanza

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyeacha shughuli za wilaya ukaja kuketi nasi hapa Bugene. Mashekhe, mapadri na wachungaji. Wajumbe wenzangu wa Bodi ya chuo hiki cha ufundi. Mkuu wa Chuo na walimu. Wazazi mliotoka Kihanga, Nyakatuntu na kwingineko, wengine mkiwa bado na vumbi la njia mabegani. Na ninyi wanafunzi wa uashi mliosimama nyuma kwa sababu viti vimewaishia wakubwa: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake, na walionizidi umri, shikamooni.

Ratiba inasema sasa Mwenyekiti wa Bodi atatangaza uamuzi kuhusu miradi ya wanafunzi vijijini. Nitautangaza. Lakini yupo mtu ninayepaswa kuzungumza naye kwanza, naye hayupo hapa. Ndiye aliyefundisha uashi katika chuo hiki tangu madarasa yake yalipokuwa ya miti na udongo, na mwaka jana tulimzika. Ninyi mlimwita Mwalimu. Mimi nilimwita baba. Nimemwandikia barua, nanyi naomba mwe mashahidi ninapoisoma.

Mpendwa baba,

Nakuandikia nikiwa na wivu. Nilitafuta neno lenye staha zaidi, maana ulinisomesha ili niwe na maneno mengi ya kuchagua. Nimeyapitia, nikarudi kwenye hilo hilo. Nawaonea wivu wanafunzi wako.

Wivu huo ulianzia nyuma ya nyumba yetu, pale ulipokata migomba michache ya kibanja, shamba letu la nyumbani, ili kupata uwanja. Jumamosi uliwaleta wanafunzi waliokuwa wanachelewa kushika kazi, ukawafundisha upya kulaza tofali na kutumia timazi. Mimi nilichota maji. Uliniruhusu kuyamimina kwenye mchanga na saruji, lakini nilipoinama nianze kuchanganya ulinishika kiwiko.

"Toa mkono huo. Huo ni wa kalamu."

"Mwalimu, mwache tu," mmoja wao alisema. "Atatupunguzia kazi!"

"Kazi yenu ninyi haipungui," ukamjibu, wakacheka wote, nawe ukacheka nao. Nilisimama na ndoo tupu, mikono yangu safi, nikalichukia lile neno "ninyi". Lilikuwa kama ukuta, baba. Wao walikuwa ndani na wewe, mimi nilikuwa nje na kalamu yangu.

Hawa walio mbele yangu wanajua ulivyofanya kazi, lakini acha niwakumbushe, kwa kuwa hilo ndilo linaloamuliwa leo. Kabla yako, mwanafunzi wa uashi alifanya mtihani wake uwanjani hapa hapa. Alijenga ukuta kwa tope, mwalimu akaupima, akaandika alama, kisha ukuta ukabomolewa ili tofali zitumiwe na mwingine. Hukuweza kuvumilia kuutazama. Ulisema fundi anayejua ukuta wake utabomolewa kesho huujenga kwa jicho moja. Ukaanza kuwapeleka kwenye kaya ambazo akina mama huteremka bondeni na madumu na kurudi nayo vichwani, ukawaambia: jengeni tangi la tofali la kukinga maji ya bati, huo ndio mtihani wenu.

Na alama hukuzitoa siku lipu ilipokauka. Ulisubiri mvua. Tangi lilipopata maji, uliwarudisha wote kwenye kaya ile. Mwanafunzi aliyelijenga alichota kikombe akanywa mbele ya wenye mji. Ukanywa wewe baada yake. Ndipo mama mwenye nyumba akapewa. Yeyote ambaye mkono wake haukugusa kazi ile alingoja na wageni. Uliamini kwamba mtu anayejua atakunywa hawezi kupunja saruji.

Nilikuja mara nyingi likizo zangu. Kila mara nilingoja na wageni.

Baba, nimtaje sasa Jenesta, ambaye amekaa pale kando ya mlango na sasa anafundisha darasa lako. Wazazi wake walitoka upande wa Burundi zamani wakawa vibarua katika mashamba ya watu Kihanga. Alifika chuoni na kandambili na ulimi usiokaa kimya. Tangi lake la kwanza lilikuwa imara, ila alisahau jambo ambalo hata mtoto wa huku angelikumbuka: nyumba ile ilikuwa katikati ya migomba, na gata za bati zilikuwa zimejaa majani makavu ya migomba. Hakuzisafisha. Mvua ikashuka na majani yote, kikombe kikatoka na maji mekundu. Alikunywa, akakunja uso, akakupa. Nawe ukakimaliza, ukasema mbele ya watu: "Chai imekolea. Sukari tu ndiyo haimo."

Nilikuwa nimerudi nyumbani na matokeo yangu ya kidato cha sita. Mama alikuuliza mezani, "Baba Editha, umeona matokeo ya mwanao?"

"Nimeyaona. Hongera sana, mwanangu. Sasa sikilizeni Jenesta alivyoninywesha chai."

Ukaisimulia yote, na mikono, na uso uliokunjwa. Mama alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Nami nilicheka. Nilikuwa nimefaulu kuliko nilivyothubutu kuomba, na nilitamani ningekuwa nimesahau kusafisha gata.

Siku ya mahafali yangu ya chuo kikuu, mama alikuja Dar es Salaam peke yake, akiwa amebeba suti uliyokuwa umeishonesha kwa ajili ya siku hiyo, kana kwamba suti ingeketi kitini kwa niaba yako. Ulinipigia simu nikiwa tayari na joho.

"Mvua imenyesha Nyakatuntu, mwanangu. Jenesta anafungua tangi lake la mwisho. Huko kwenu watu ni wengi, hutakosa wa kukupigia makofi. Huku wananingoja mimi."

Nikasema sawa, baba. Hukuikata simu. Uliishusha tu, nikasikia watu, nikasikia maji yakigonga kitu cha bati, kisha sauti yako ikiita, si kwa Kiswahili cha darasani bali kwa lugha ya nyumbani: "Muhara wange, lete kikombe." Binti yangu. Ulikuwa unamwita yeye. Nilikuwa nadhani maneno yale mawili yana mtu mmoja tu duniani.

Walinisomea jina, nikapanda jukwaani, watu wakapiga makofi kama ulivyosema.

Tulipokuzika, wanafunzi wako walikuja kutoka Karagwe yote na Kyerwa, kila mmoja na mwiko wake. Hawakumruhusu fundi mwingine kugusa kaburi lako. Walilijenga wao, safu kwa safu ya tofali, wakibishana kwa sauti ya chini kama ungewasikia. Mimi nilipewa kiti cha mbele na khanga mpya. Nilipoinuka nikamwomba Jenesta tofali moja, niweke walau moja, alinitazama kwa huruma ya kweli, akasema, "Dada, utachafua gauni." Hakujua alikuwa anatumia mdomo wako.

Sasa nikueleze kuhusu Bodi. Mvua zilizopita, mwanafunzi mmoja aliyekuwa anakwenda kazini Nyakatuntu kwa bodaboda, amekumbatia ngazi na ndoo ya vifaa, aliteleza na dereva wake kwenye mteremko. Mkono ukavunjika. Umepona, na yeye yupo hapa. Lakini Mzee Athumani, mjumbe wetu, ambaye duka lake la vifaa pale Kayanga unalijua kuliko sebule yako, alisimama kikaoni akatoa hoja kwamba miradi ya vijijini ikome. Wanafunzi wajenge uwanjani, wapimwe, kuta zibomolewe, kama zamani.

"Nilimpenda Mwalimu," alisema, "na chai yangu amekunywa mpaka kikombe kikapata ufa. Lakini mtoto wa watu akivunjika shingo, nani atakwenda kumwambia mama yake? Ni mimi, na kofia yangu hii mkononi! Mwenyekiti, binti yangu, tusimchanganye marehemu na usalama."

Kura ziligawanyika sawa kwa sawa. Ikabaki ya mwenyekiti. Nikaomba muda.

Baba, hoja ya Mzee Athumani ilikuwa safi na ya mtu mwema. Wivu wangu uliipenda kwa sababu zake wenyewe. Wivu huo uliketi karibu nami ukaninong'oneza vizuri sana: funga tu miradi hiyo. Utaitwa mwenye busara. Wala hakuna atakayekunywa tena kile kikombe ambacho wewe, Editha, hukunywa. Niliusikiliza kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mwenye cheo changu, na nakiri kwamba sauti yake ilikuwa tamu.

Nilikwenda Nyakatuntu ili niweze kusema nimekwenda. Jenesta na wanafunzi wake walikuwa wanamalizia tangi la Bibi Koku, mjane anayeishi mbali na maji, anayetania kila mtu anayepita. Nilikuta wanapiga niru, saruji laini ya kuzuia maji yasivuje, ndani ya tangi, sauti zao zikitoka kama ndani ya chungu. Wingu la mvua lilikuwa limetanda kilimani. Siku chache baadaye ilinyesha, wakaniita, nikarudi.

Msichana aliyesimamia kazi ile alikunywa kwanza. Kisha ukawa umefika wakati wako wa kunywa. Jenesta alichota, akawapita wanafunzi wake wote, akaja pale nilipokuwa nimesimama na wageni, akanipa kikombe kwa mikono miwili.

"Dada, mahali pa Mwalimu pako wazi."

Nilikuwa na kiu ya kikombe kile tangu utoto wangu, baba, nawe unajua. Nikakisukuma.

"Sikujenga," nikasema. "Asiyejenga anangoja."

"Yeye huyu!" Bibi Koku akapaza sauti. "Ana shingo ngumu kama marehemu! Mpeni basi mwenye nyumba, mimi kiu yangu haina kiburi!" Watu wakacheka, akanywa, akasema maji yana ladha ya bati na Mungu.

Tulipokuwa tunanawa miguu, Jenesta alinijia. "Dada, nikwambie? Mimi nilikuchukia kabla sijakuona. Tukikosea kidogo tu, Mwalimu anaanza: 'Editha wangu angekuwa hapa angepima mara mbili. Editha wangu hasahau.' Kila siku Editha. Sisi tunasema moyoni, basi aje abebe zege huyo Editha!"

Nilicheka, na kwa muda mfupi nilikuwa mtoto tajiri kuliko wote Kagera. Kisha, baba, ule ule wivu ukarudi na nguo mpya. Kumbe hata sifa zangu ulizigawa kwao. Walizisikia wao, katikati ya vumbi la saruji, mimi nikiwa mbali na kalamu yangu, nikidhani huna neno juu yangu. Ulinipa shule na nakushukuru mbele ya watu hawa. Kila ninachosimamia hapa leo kimetokana nayo. Lakini wao uliwapa siku zako. Ningebadilishana nao baadhi, kama ungeniuliza.

Hukuniuliza, na wala sitapata jibu. Siwezi tena kukufanya uniite uwanjani. Ila nimeona kwamba msichana yule aliyekunywa kwanza hakuninyang'anya chochote. Yeye hakukujua kabisa. Alikunywa maji ya kazi yake mwenyewe, Bibi Koku akaacha madumu mlangoni, na hilo lilikuwa jema hata mimi nikiwa nimekunja uso.

Kwa hiyo, mheshimiwa mgeni rasmi na ndugu wote, uamuzi ni huu, na unawadai ninyi pia. Kura yangu imeenda kwa miradi ya vijijini, itaendelea. Hofu ya Mzee Athumani nimeibeba ndani yake: hakuna mwanafunzi atakayepanda bodaboda na ngazi tena. Kaya itakayojengewa itawalaza na kuwalisha mpaka kazi iishe, vifaa vitakwenda kwa gari moja siku moja, na mzazi atatia saini baada ya kupaona mahali mwanawe atakapolala. Tangi linalofuata ni la Kihanga. Wazazi wa huko, mchanga na mawe yawe yamefika Jumatatu asubuhi. Wajumbe wa Bodi, kila aliyepiga kura, ya ndiyo au ya hapana, aje na nguo za kuchafuka. Mzee Athumani, ukiwemo wewe, na kofia uiache dukani.

Nami nitakuwa chini ya Mwalimu Jenesta, kama mwanafunzi wake wa mwisho. Jenesta, sitavaa gauni. Ukinikuta nimelaza tofali vibaya, nitolee maneno yote uliyokuwa unayasema moyoni.

Baba, pumzika. Siachi kuwaonea wivu watu wako. Nitakwenda nao kazini tu. Mvua ikinyesha Kihanga, nitakuwa upande wa waliojenga.

Mimi binti yako, muhara wawe,
ambaye bado hajanywa.