Mchicha wa Mkwe Wangu na Kesi ya Paka

Mshauri wangu mpendwa, kama umenizidi umri pokea shikamoo yangu, na kama nimekuzidi basi marahaba, maana picha yako hapo gazetini ni ndogo na siwezi kukadiria. Nakuandikia unisaidie kabla sijarudi kwangu, na tafadhali usinicheke, au cheka kwanza umalize ndipo unijibu.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na bila kujisifu, hakuna mtoto mtaani kwetu aliyewahi kufumukiwa na suruali niliyoishona mimi, labda imbane tu kwa sababu amekua. Nina mtoto mmoja wa kiume, na hapa sasa naomba nijisifu kidogo, ni fundi wa lifti, si lifti za kubahatisha, ni zile za majengo marefu, na kuna siku bi harusi alinasa katikati ya ghorofa na ghorofa na shela lake na maua yake, watu wanapiga kelele kwenye ufa wa mlango, bwana harusi anatokwa jasho, na aliyeitwa ni nani? Mwanangu. Bi harusi alitoka mle hana hata mkunjo. Ndiyo maana mtaani wananiita Mama Fundi Lifti, na mimi naitika.

Sasa shida yangu ni mboga za majani. Sizipendi. Tangu utoto sizipendi, mama yangu alikuwa ananiwekea na mimi nikaja kumwekea mwanangu, wote tunazila kama dawa, macho tumefumba. Na usije ukafikiri sijui kupika, nyama yangu watu wanaifuata kwa harufu tu, na hata hizo mboga nazipika kwa utaratibu, naweka sufuria jikoni ninapoanza sketi na naiipua sketi ikiisha, pindo na zipu na kila kitu, kwa sababu nilifundishwa kwamba mboga ya majani isipoiva sawasawa inasokota tumbo. Mwanangu alipokuwa mdogo alikuwa anazificha kwenye mfuko wa kaptula, nazikuta wakati wa kufua, nikawa namgombeza kwa ajili ya kaptula lakini kwa ajili ya mboga, mshauri, nilikuwa namwelewa kabisa.

Mwaka huu nikaenda kupima, na daktari, kijana mdogo wa kuweza kumzaa, akaniambia sukari yangu inapanda, haijafika pa kumeza dawa lakini safari yake ni ya huko, na nilipomweleza pia habari ya choo (samahani kama unasoma huku unakula) maana kazi yangu ni ya kukaa kutwa, akasema nusu ya sahani yangu iwe mboga za majani, halafu nirudi aniangalie. Nusu ya sahani! Nikamuuliza, "Na hiyo nusu haiwezi kuwa viazi?" Akasema, "Viazi hapana, mama." Nilijaribu, nakuapia, nikapika kabichi yangu kama kawaida, siku ya kwanza nikaila, siku ya pili nikaitazama nayo ikanitazama, tukaachana kwa amani.

Hapo ndipo mafundi wakaja kubadilisha paa langu, mwanangu akasema huwezi kulala kwenye vumbi hili mama, njoo kwetu, nikaenda na cherehani yangu. Mke wake ni mwalimu wa chekechea, binti mpole, sauti yake ya chini mpaka unainama kumsikia, na wazazi wanasema watoto wao wakiwa kwake wanakula kila kitu, hata karoti, wakirudi nyumbani hawali, sijui anawafanyia nini. Jioni ya kwanza akaweka mchicha mezani, kijani kabisa, umekaa pale kama umechumwa sasa hivi, na mwanangu, mwanangu yule wa mboga za mfukoni, akajipakulia, akala, akaongeza! Nilimtazama kama mtu aliyeletewa mtoto asiye wake. Kuna kitu kikanichoma hapa kifuani, na mdomo ukanitangulia.

"Mama, onja basi, kidogo tu," mwanangu akasema.

"Nionje nini? Kwani mimi mbuzi? Hata kuiva haujaiva."

Mkwe wangu akasema tu, "Haya mama, usijilazimishe," akalivuta bakuli upande wake taratibu. Mjukuu wangu, ambaye bado hajaanza shule ya msingi na akili yake nzima ameitoa kwangu, akaanza kulia kama mbuzi, "Meee, meee," mpaka baba yake akamkata jicho.

Kesho yake mchana wote wametoka, nikaingia jikoni kunywa maji, nikaiona sufuria ya jana, nikafunua kifuniko kwa udadisi tu, nikitazame hicho kilichomteka mwanangu. Nikachukua jani moja kwa vidole. Mshauri, halikuteleza! Mchicha wangu unateleza, ule unatafunika, kitunguu unakisikia, chumvi unaisikia, na jani lenyewe unalisikia, lina utamu fulani kwa mbali kama lina siri. Nikachukua la pili ili nihakikishe. Nilipokuja kushtuka nakwangua sufuria.

Jioni mwanangu akafunua. "Nani kamaliza mchicha?"

"Paka," nikasema, upesi kuliko ninavyotunga uzi kwenye sindano.

"Bibi, paka anakula mchicha?" mjukuu wangu akauliza.

"Mjukuu wangu, paka wa siku hizi hawachagui."

Mwanangu, ambaye kwa lifti ni bingwa lakini kwa mengine Mungu tu ndiye anamsimamia, akaamini. Akamtoa paka nje, akasema ndani asikanyage tena, na sasa mjukuu wangu kila jioni anakaa mlangoni anaongea na paka wake kwenye wavu, "Vumilia, utasamehewa," na mimi niko nyuma yake nashona, sindano inanichoma vidole, jambo ambalo si kawaida yangu.

Mkwe wangu siku ile aliichukua tu sufuria akaenda kuiosha. Ila tangu hapo kila akienda kazini anaacha bakuli dogo kwenye meza ya jikoni, limefunikwa kwa sahani na kijiko kimelala juu, leo kabichi na karoti, kesho bamia, keshokutwa biringanya, anasema ni la paka, asije akapenya dirishani akaparura masufuria. Na mimi nifanyeje, nakula. Nasimama nyuma ya mlango, nakula, naosha bakuli, nalifudikiza mahali pake, narudi kwenye cherehani yangu kama sikuinuka. Akirudi ananiuliza, "Paka amekula, mama?" Namwambia amekula. "Bamia amezipenda?" Namwambia, "Naona amezipenda, ila ningekuwa yeye ningetaka chumvi iongezeke kidogo." Anasema, "Sawa mama," na kweli kesho yake chumvi imeongezeka. Ni binti msikivu sana, hilo sitamnyima. Nashukuru hajanishtukia.

Sasa naomba kujua, mshauri, na hili linaninyima raha kwenye kazi. Ulimi wa mtu mzima kama mimi unaweza kubadilika, au huyu binti ana kitu anachotia? Nimenusa makopo yote ya jikoni kwake, mpaka nikapiga chafya, sikuona kigeni, ni chumvi, ni mafuta, ni vitunguu, kama kwangu. Soko ni lile lile, jani ni lile lile, kwa nini kwake ni chakula na kwangu ni adhabu? Paa limekamilika, Jumapili narudi kwangu, na kwangu hakuna bakuli litakalonisubiri chini ya sahani, na daktari ananingoja. Nikimwomba mkwe wangu anifundishe itabidi niseme paka ni mimi, mimi niliyesema mbuzi mbele ya mume wake, na mama mzima mwenye mtoto fundi lifti nitauweka wapi uso wangu? Nitafute mtu mwingine wa kunifundisha kimyakimya, au ninunue vile vidonge vya mboga vinavyotangazwa redioni? Nijibu upesi.

Ni mimi,
Mama Fundi Lifti

MSHAURI ANAJIBU

Mama Fundi Lifti, shikamoo, maana umenizidi. Nimecheka kama ulivyoniruhusu, nimemaliza, sasa tuzungumze.

Ulimi wako hauna kasoro yoyote. Wewe unasema hupendi kabichi, mimi nasema hujawahi kuila. Sketi nzima, na pindo, na zipu! Ukiliweka jani motoni muda wote huo linalegea, linapoteza rangi, kabichi ndiyo inatoa ile harufu nzito inayomfukuza mtu mezani, halafu unailaumu mboga kwa mateso uliyoipa mwenyewe. Mkwe wako hana kopo la siri. Siri yake ni kuipua mapema. Wewe osha majani vizuri, kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, tia majani, na kama lazima upime kwa kushona, basi mchicha upe muda wa mfuko mmoja wa shati, kabichi na karoti mifuko miwili. Au bora zaidi, inuka kwenye cherehani, simama hapo jikoni uangalie rangi. Ikiwa kijani cha kung'aa, ipua. Mgongo wako nao utakushukuru.

Na ndiyo, ulimi wa mtu mzima unabadilika. Unazoea kitu kwa kukutana nacho mara kwa mara, kidogo kidogo, bila kusukumwa, nawe umeshaanza nyuma ya mlango. Mboga ambayo bado inakushinda, ikatekate ndogo uizamishe kwenye kitu unachokipenda, maharage, mayai, hata huo mchuzi wa nyama unaofuatwa kwa harufu. Anza na mboga ukiwa na njaa, kabla wali haujajaza nafasi. Vidonge vya redioni viache redioni. Sukari ni kazi ya daktari, si yangu, kwa hiyo kwake urudi kama alivyosema, hata kama ungeweza kumzaa.

Sasa la mkwe wako. Mama, hebu isome tena barua yako taratibu, kama unavyokagua mshono. Paka amefungiwa nje. Bakuli liko ndani. Juu ya bakuli kuna kijiko. Paka gani huyo anayekula kwa kijiko, anaosha vyombo, anafudikiza, halafu anaagiza chumvi? Binti amejua tangu siku ile ya kwanza! Umeniambia hujui watoto wa chekechea anawafanyia nini mpaka wanakula karoti. Anawafanyia hicho hicho anachokufanyia wewe. Mtoto ukimkodolea macho anafunga mdomo, kwa hiyo mwalimu anaweka chakula karibu, anageukia kwingine, anajifanya hana habari. Wewe ndiye mwanafunzi wake mkubwa kuliko wote, na unafanya vizuri darasani.

Hapa nakugombeza kidogo, univumilie. Ulimvunjia heshima kwenye meza yake, mbele ya mume wake na mtoto wake, kwa sababu mwanao aliongeza mchicha. Ule haukuwa ubichi wa mboga uliokuchoma kifuani, ulikuwa wivu, na unajua. Yeye angeweza kukusema kwa mwanao jioni ile ile ya paka. Badala yake akakupikia, akakuwekea kijiko, akauliza kama chumvi inatosha. Unaniuliza uso wako utauweka wapi. Huo uso, mama, kila asubuhi kuna mtu anaufunika kwa sahani kabla hajaenda kazini.

Kwa hiyo mtu mwingine wa kukufundisha usimtafute. Kesho ukilikuta bakuli, usilile. Liache mpaka jioni mkae wote, ulibebe mwenyewe, ulipeleke mezani, ukae chini, ule mbele yao. Kisha mwambie mkwe wako maneno machache: "Mwanangu, nilikukosea. Nifundishe kabla sijaondoka." Usiweke hotuba, na bi harusi wa kwenye lifti asiingie kwenye maneno hayo. Mwanao atashangaa, mwache ashangae. Mjukuu akilia "meee," mwitikie. Jumamosi ingieni jikoni, wewe ushike mwiko, yeye akuambie lini uipue, na ukirudi kwako mshonee aproni nzuri ya darasani yenye mifuko mikubwa, wewe si ndiye ambaye nguo zake hazifumuki?

Lakini hayo ni ya kesho. La leo ni moja. Weka gazeti chini, inuka, ukamfungulie paka mlango. Amelala nje kwa kesi yako, na mchicha wenyewe hata hajauonja.