Ornella, Hukufa kwa Ugonjwa Mfupi

Mwaka mmoja umetimia, Ornella Bulonza, tangu tukuzike kwa uongo. Katika tangazo la msiba tuliandika kwamba ulifariki "baada ya ugonjwa mfupi". Leo sisi wa familia yako tunayafuta maneno hayo mbele ya wote walioyasoma. Ulipigwa na mume wako, Chrispin, ukafa siku ya tatu hospitalini, damu imevilia kichwani.

Tuanze na kazi yako, maana uliipenda. Miaka minne ulizunguka na watafiti wenzako wa chuo kikuu, katika vijiji vya Miti na Mudaka, hata hapa kwetu Cimpunda, mkiwauliza wanawake mambo ambayo hakuna aliyewahi kuwauliza: nani anawapiga nyumbani, nani anawalazimisha kitandani, na wanapokimbia, wanakimbilia wapi. Ulibeba viatu safi ndani ya mfuko kwa sababu ya matope. Mwanamke akilia katikati ya maswali, uliweka kalamu chini, ukampakatia mtoto wake mpaka atulie. Ulirudi umechoka, ukataka chai yenye tangawizi nyingi, na hukututajia jina la hata mmoja wao.

Lakini mbinu yenu ulitueleza, siku ya Noeli, ukicheka. Mume akiingia ghafla, mnafungua ukurasa mwingine na kuuliza habari za maharagwe na homa za watoto, ili asijue mlikuwa mnaongea nini, mke asipate taabu mkishaondoka. Sote tulicheka. Tulikuona mjanja.

Miezi miwili baadaye ulikaa jikoni na mama yetu, maman Martine, ukaanza kumwonyesha shingo yako. Chrispin akaingia kukuchukua. Ukajifunga kitambaa upesi na kumuuliza maman kama maharagwe yake yametoka vizuri mwaka huu. Maman hana shamba, Ornella. Unajua ananunua maharagwe sokoni kama sisi wote. Alikujibu tu kwamba yamepanda bei, na sisi wengine tukaendelea kula. Hatujui tulikuwa na vichwa vya namna gani.

Hata hivyo hatutasingizia kwamba hatukuelewa. Mwezi wa nne ulisema wazi. Ulikuja na watoto wako wawili, Gloire na Destin, na mfuko mmoja wa nguo. Ulimwambia baba yetu, papa Fabien, "Papa, siko narudi kule. Ule mutu atanimaliza." Baada ya wiki moja Chrispin akaja na wazee wake, mbuzi na kreti mbili za bia, kama desturi yetu inavyomtaka mume anayekuja kumchukua mke aliyekimbilia kwao. Wakapiga magoti, wakaomba msamaha. Papa akakuambia, "Rudia ku nyumba yako, mwanangu. Amesha omba pardon."

Mbuzi tulimchinja siku hiyo hiyo. Wewe ndiye uliyetupakulia nyama, tukala, tukanywa bia yao, kisha ukaondoka naye.

Ulipokufa, mjomba wetu, tonton Bruno, alishauri tuseme ni maladi, ugonjwa tu, watoto wasichekwe shuleni. Tukakubali wote, hata mimi Charlène, dada yako ninayeandika. Chrispin akasimama mbele ya kaburi na shada la maua kubwa kuliko letu, na watu wakapanga mstari kumpa pole.

Wenzako wamemaliza utafiti. Walituletea kitabu, na jina lako limo. Maman aliomba asomewe sehemu ya wanaokimbia. Imeandikwa humo kwamba wengi wa wanawake waliowajibu walikimbilia kwa wazazi wao, na wengi wa hao wakarudishwa. Wasomi wametuandika bila kujua kwamba ni sisi. Kesho yake papa alivaa koti lake la kanisani, akaenda parquet, kwa mwendesha mashtaka, kutoa ushahidi. Maman na mimi tulimfuata. Hatujui mahakama itaamua nini. Nchi hii tunaijua, na Chrispin bado anatembea mjini.

Wiki iliyopita alimtuma tonton Bruno kuomba jina lake liwekwe katika tangazo hili, "mume wako mpendwa", eti kwa ajili ya watoto. Halitawekwa. Na wewe tonton, kama unamhurumia sana, nenda mkamkumbuke marehemu pamoja, nyumbani kwake.

Wanaokukumbuka ni Gloire na Destin, watoto wako, ambao sasa wanajua ukweli kwa sababu tuliwaambia sisi wenyewe; pia maman Martine na mimi Charlène. Na papa Fabien, ambaye ameomba kwa kinywa chake tuandike kando ya jina lake: aliyekurudisha.

Tutakukumbuka maisha yetu yote, Ornella. Msamaha hatukuombi leo. Tutakuja kaburini kukuomba tukitoka mahakamani.