Daftari la Makosa ya Mbak Wuryani

Bandung, Jumatano

Assalamu alaikum, Mbak, dada yangu.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako la kushoto limekuacha upumue baada ya mvua zile. Sisi hatujambo. Laksmi, mke wangu, anakusalimu sana na anakushukuru kwa kripik za tempe, zile chipsi za soya. Sikuzionja sana kwa sababu alizificha, nami sijui wapi mpaka leo.

Kifurushi chako kilifika siku kumi na moja zilizopita. Mizizi ya manjano ilikuwa mikavu vizuri, na chini yake nikakuta daftari na ile karatasi yako fupi. Umesema Idi ya Lebaran ikipita utafunga kibanda cha jamu, dawa zetu za mizizi, kinu cha Ibu, mama yetu, utampa binamu yetu Tumirah, na daftari nikutunzie ili siku kichwa chako kitakapofika pale kilipofika cha Bapak, baba yetu, aliyesahau kila kitu, daktari awe na kitu cha kusoma. Naandika kwa wino kwa sababu nikikupigia simu utanikatiza, na safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho.

Nianze na ahsante. Ni wewe uliyenifundisha kusoma, mimi nimekaa juu ya gunia la tangawizi na wewe unatwanga, na nikikosea ulinirudisha mwanzo wa mstari bila kunipiga. Kazi yangu yote imetoka kwenye gunia lile.

Unakumbuka faili lako la jamu kwenye kompyuta lilivyokua? Ulianza na michanganyiko ya Ibu, kisha ukazunguka kwa vikongwe wote wa kijiji cha Nguter: nyota moja mbele ya jina la ugonjwa, nyota mbili mbele ya mchanganyiko, nyota tatu mbele ya vipimo. Ilipopita michanganyiko elfu nne, programu ikachoka. Ulinipigia ukaniambia kwamba unaandika tangawizi, unakwenda kugeuza tempe kikaangoni, ukirudi skrini imefika herufi za “tanga” tu. Ilikuwa hivyo kwa sababu kila herufi uliyoigusa, programu ilisoma faili zima upya, toka nyota ya kwanza hadi ya mwisho, ili ijue kipi kiko chini ya kipi.

Mimi na wenzangu wa kujitolea, walio nchi mbalimbali, ndio tunaoitunza programu hiyo. Basi nikaitengenezea kumbukumbu: ikishasoma, ishike ilichosoma, na isome tena pale tu palipobadilika. Faili lako likawa jepesi. Ukawafanyia majirani slametan, karamu ya dua, kwa ajili ya kompyuta, ukaniambia mkuu wa kijiji, Pak Lurah, alikula sahani tatu na hakujua anaombea nini.

Haikupita miezi mingi michanganyiko ikaanza kuhama. Jamu ya mama aliyejifungua uliikuta chini ya kikohozi cha watoto, na jirani yako Bu Marsinah alikuwa keshaondoka nayo kwenda kumnywesha mjukuu. Ulimkimbilia barabarani ndala mkononi. Tangu siku hiyo ukaanza daftari: siku, saa, ulichokuwa unafanya, hata kitufe ulichobonyeza. Ukaniambia Bapak naye alianza hivihivi, kwa kumimina sukari kwenye pipa la mchele. Nilikupeleka kwa daktari mjini Solo, hakuona kitu. Ukasema hata kwa Bapak, mwaka wa kwanza hawakuona kitu.

Njiani tukirudi uliniuliza swali moja.

“Dik, mdogo wangu, haiwezekani ikawa kompyuta ndiyo inayosahau?”

Nami nikacheka. “Kompyuta haisahau, Mbak. Wewe pumzika tu.”

Daftari lako nimelisoma mstari kwa mstari, kwa siku mbili. Kabla ya karibu kila kosa umeandika maneno yaleyale: nimebonyeza kitufe cha Prasojo. Ni kile ulichokipa jina langu, nilichokutengenezea zamani, cha kuhamisha mchanganyiko toka ugonjwa mmoja kwenda mwingine kwa mguso mmoja. Ili kiwe chepesi, nilikiamuru kihamishe kimyakimya, bila kuiarifu programu kwamba kitu kimebadilika. Wakati ule hapakuwa na madhara, maana hapakuwa na wa kuarifiwa. Nilipokuja kutengeneza kumbukumbu, ikawa inategemea taarifa hizohizo, na kitufe sikukikumbuka tena. Kitufe kinahamisha, kumbukumbu haijui, inaamini mpangilio wa jana, na mchanganyiko unaofuata inautupa chini ya ugonjwa usio wake. Dunia nzima kitufe hicho kiko kwenye kompyuta moja tu, yako. Ndiyo maana hakuna mwingine aliyelalamika. Kikulacho ki nguoni mwako, Mbak, na nguo hiyo nilikushonea mimi.

Hujapatwa na ugonjwa wa Bapak. Ni mimi.

Na kuna baya zaidi. Haya nimeyajua siku tisa zilizopita. Nilishika simu mara nyingi nikaiweka. Nilijiambia nirekebishe kwanza, nije kwako na mikono misafi, lakini ukweli ni kwamba niliona aibu, nikakuacha siku tisa ukijililia ungali mzima. Nisamehe kwa hilo kuliko kwa kitufe.

Rekebisho lilitoka jana. Kwetu ni desturi, anayerekebisha kosa huandika hapohapo jina la aliyeliripoti, na halifutwi. Nimeandika: limeripotiwa na Wuryani wa Nguter, aliyeandika kila kitu. Mwenzetu mmoja wa Hanoi, mtu asiyesifu hata mkewe, ameuliza huyu Wuryani anafanya kazi wapi, maana hajawahi kuona ripoti safi namna hii. Nimemjibu kwamba anauza jamu.

Makosa ya daftari ni arobaini na moja. Nimeyarudia yote kwenye mashine yangu, na arobaini yamejirudia vilevile. La arobaini na moja, la kumtilia Pak Lurah chumvi kwenye kahawa, nimelijaribu kila namna na halina kompyuta ndani yake. Hilo ni lako.

Basi kinu kisiondoke. Kama Tumirah keshakichukua, mwambie mdogo wako anakuja Jumamosi kwa treni ya asubuhi, na atakibeba mwenyewe mgongoni kukirudisha. Wasalimie majirani wote, na Bu Marsinah mwambie mjukuu anywe ile ya manjano na ukwaju. Imerudi mahali pake, nimehakikisha mara mbili.

Wasalaam.

Mdogo wako uliyemfundisha kusoma,
Prasojo