Omena Yangu Juu ya Lami

Dunga, Kisumu
Novemba 1954

Mshauri wetu mpendwa wa gazeti, pokea salamu za mwanamke mzee asiyejua hata kushika kalamu, naomba msaada wako na jibu lako lije upesi, maana siku ya zawadi shuleni ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Anayeandika hapa ni mjukuu wangu Seline wa darasa la tano, nimemwambia aandike kila ninalosema na asinitengenezee maneno, hata nikisema vibaya.

Kwanza nikwambie furaha yangu, maana ninayo na imenijaa. Seline anakaa kwangu kwa ajili ya shule, mama yake yuko Asembo Bay na wale wadogo, na mtoto huyu amechaguliwa kupewa zawadi mbele ya wazazi wote, blanketi jekundu na beji ya kifuani, na jina lake litasomwa kwa sauti. Jina la nyumba yetu halijawahi kusomwa kutoka kwenye karatasi isipokuwa karatasi ya kodi. Wako wengine watakaopewa, kijana mmoja wa hesabu, na msichana ambaye hakukosa shule hata siku moja mwaka mzima ingawa anavuka mto kuja, lakini Mwalimu Laban, ndiye mwalimu mkuu, amesema Seline ataitwa mwisho, na anayeitwa mwisho ndiye watu wanayemngoja.

Sababu yenyewe ni hii. Tangu watie lami barabara inayopita mbele ya shule, magari yanakimbia kama yamefukuzwa, kwa hiyo Mwalimu Laban alikata kitambaa chekundu akakifunga kwenye fimbo, na watoto wakubwa wanapokezana wiki kwa wiki kusimama nacho barabarani ili wadogo wavuke. Wiki ile ilikuwa ya Seline. Saa saba mchana darasa la kwanza wanatoka, lori la magunia ya sukari nguru likaja, likayumba ghafla, likaacha upande wake na kumwelekea kitoto kimoja kinachoitwa Tom, na Seline akatupa bendera, akamrukia, wakaangukia mtaroni pamoja. Tom alichubuka goti, basi. Lori likaishia kwenye ua wa shule. Watu walimbeba Seline juu juu mpaka kwangu, na mimi nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakatika.

Sasa sikia ambalo sijamwambia mtu. Mimi nauza omena, wale dagaa wa ziwani, na unajua mvua za miezi hii, mchanga wa ufukweni unakaa umelowa, omena ikilala juu yake bila kukauka inaoza na hata paka anaipita, lakini lami ikipata jua la saa moja tu inakausha kama kikaango. Nyumba yangu inatazama shule, basi nikawa natandaza wavu wa zamani kando ya barabara mbele ya mlango wangu, niweze kufukuza kunguru nikiwa jikoni, nikaweka mawe ya kuushikilia, na kila siku nikausogeza kidogo, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka ukawa umekula karibu nusu ya barabara. Watoto waliokuwa wakipita pembeni niliwafukuza na fimbo wasinikanyagie samaki, wakazoea kupita katikati. Lori lile, mshauri, lilikuwa linakwepa omena yangu. Watu wote walipokimbilia watoto, mimi nilikimbilia wavu. Nikaukunja na samaki ndani, mawe nikayatupa majanini, na sajini wa polisi alipofika hapakuwa na kitu ila harufu, na Dunga nani anashtuka kwa harufu ya samaki.

Dereva ni kijana wa Kalasinga anaitwa Sukhdev. Alimwambia sajini kwamba aliona barabara inang'aa kama maji ndipo akakata usukani, na watu wakacheka, na Jentrix, mama yake Tom, akasema huyo amelewa mchana kweupe. Hakuwa amelewa. Kamati ya shule imeandika barua anyang'anywe leseni, kesi yake ni Jumanne baada ya siku ya zawadi, na mjomba wake Kartar, mwenye lori, amekwisha mshusha kwenye usukani, sasa anapakia magunia kwa mgongo.

Mama yake, Surinder, ni mteja wangu miaka mingi, kila Alhamisi nampelekea ngege wawili, samaki wabichi wa ziwani, mlangoni, tunaongea Kiswahili cha jikoni, chake kibaya kuliko changu. Alhamisi iliyopita alitoka na bakuli la maziwa ya mgando limefunikwa kitambaa safi. Akaniambia, "Mama, mpe mtoto wako. Yeye ameponya Tom, ameponya na Sukhdev yangu. Sukhdev akiua mtoto, hapana lala tena." Nikapokea. Nilipokea, mshauri, kwa mikono hii iliyotupa mawe.

Ndiyo sasa nimekwama. Nikisema ukweli watamnyima Seline zawadi, watasema nyanya ndiye aliyemweka mtoto mbele ya lori na mjukuu akapewa blanketi kwa kumtoa, na huyu mtoto wa watu hana kosa, amefua sare yake mara tatu wiki hii na kuianika ndani ili isipate vumbi. Nikinyamaza, kijana wa Surinder atakosa kazi. Nimewaza nisubiri Ijumaa ipite halafu niseme. Nimewaza pia kwamba yule ni kijana, ana mjomba mwenye lori, hatalala njaa.

Hapo Seline ameacha kuandika. Nimemwambia andika. Amesema, "Dana," ndivyo anavyoniita, ni nyanya kwa Kijaluo, "Mwalimu aliniuliza lori lilikuwa linakwepa nini. Nikamwambia sikuona."

Niambie niseme au ninyamaze, na kama ni kusema niseme lini. Jina langu usilitaje tafadhali.

Mimi, Nyanya wa Dunga

MSHAURI ANAJIBU

Nyanya, majibu haya nimeyatuma kwa posta kabla ya kuyapeleka kwenye mtambo wa kuchapa, kwa sababu Ijumaa yako haitangoja gazeti.

Uliniomba nifiche jina lako, kisha ukanipa omena, mawe, lami, lori na kitambaa chekundu. Nani Dunga atakayesoma haya asikujue? Naona ulikwisha kuamua kusema kabla hujamwita Seline alete kalamu. Ulikosa mtu wa kukusukuma mlangoni tu. Basi nakusukuma.

Nikugombeze kwanza, tumalize. Kuanika samaki juu ya barabara ni uvivu wa kupiga hatua mia mbili hadi ufukweni, nawe ulipenda omena iliyokauka upesi kuliko miguu ya watoto. Kuwafukuza pembeni kwa fimbo ni vibaya zaidi. Kuhusu kijana kutolala njaa kwa sababu mjomba wake ana lori, hilo hata wewe hukuliamini, ndiyo maana mtoto aliposimamisha kalamu ulimwelewa mara moja.

Unaogopa kuharibu siku ya Seline. Mama, siku ya Seline imekwisha kuharibika, na yeye ndiye anayeibeba peke yake. Anafua sare mara tatu. Unadhani anatoa vumbi? Alimdanganya mwalimu wake kwa ajili yako, na Ijumaa atasimama mbele ya wazazi wote apigiwe makofi, akijua ya kwamba makofi hayo yanamzika mwana wa Surinder. Mtoto wa darasa la tano hawezi kuvaa beji nzito namna hiyo. Mwondolee kabla hajaivaa. Ndiyo, kabla ya Ijumaa. Ukisubiri ipite, utakuwa umemtumia mtoto kama kifuniko, na atakapokua atalijua hilo.

Sasa fanya hivi. Barua hii ikikufikia, siku hiyohiyo nenda kwa Surinder. Usiende kwa Mwalimu kwanza, wala kwa sajini. Huyu mama ndiye uliyepokea bakuli lake, ndiye wa kwanza kusikia, na asikie kutoka kinywani mwako, mlangoni pale pale. Usimpelekee ngege wa bure, ataona unamnunua. Ukimaliza kusema, nyamaza. Akikufukuza, ondoka bila kununa.

Kutoka hapo mchukue Seline mwende kwa Mwalimu Laban. Wewe sema la mawe, yeye aseme la kwake, na usimsemee. Mwombe Mwalimu akupeleke kwa sajini, maana mtu akienda na mwalimu mkuu haambiwi arudi kesho. Hapo nako mikono iwe mitupu, usije ukambebea sajini kikapu cha omena. Kama kuna faini, utalipa. Kisha nenda kwa Jentrix umwambie dereva hakulewa, naye atapiga kelele, na ana haki ya kupiga.

Zawadi je? Sijui Mwalimu ataamua nini, na usiende kumwomba. Lakini nakwambia ninavyoona mimi. Omena haikumtoa Tom mbele ya lori, na wewe hukumtoa, ulikuwa unakimbilia wavu. Ni mikono ya Seline iliyomtoa, na mikono hiyo haibadiliki ukisema ukweli. Wakimpa blanketi, atajifunika bila kugeukageuka usiku kucha. Wakimnyima, atalala vizuri bila blanketi, nawe utalala karibu naye.

Na wewe Seline unayesoma haya kwa sauti: umefanya vema kuandika yale maneno yako ya mwisho, ingawa hayakutoka kinywani mwa nyanya yako. Yarudie tu mbele ya Mwalimu.

Haya mama, vaa viatu.

*

Tumechapa barua hizi baada ya siku ya zawadi kwa ruhusa ya mwandishi, ambaye ameagiza majina ya watu yaachwe kama yalivyo, wapate kusafishwa kwa majina yao. Yeye mwenyewe ametuletea maneno machache, kwa mwandiko uleule:

Mshauri, Surinder alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango. Alhamisi iliyofuata alifungua, akachukua ngege wawili, akaniuliza bakuli lake liko wapi. Sukhdev yuko kwenye usukani na anapita mbele ya shule polepole kama anasindikiza maiti. Faini nimelipa. Mwalimu Laban alimwita Seline mwisho kama alivyosema, na beji aliivaa, halafu akafungua karatasi tena akasoma jina langu mimi, kwamba kuanzia Jumatatu nyanya huyu ndiye atakayesimama na kitambaa chekundu saa saba, kila siku, mpaka shule ifungwe. Watu walicheka na mimi nikacheka. Ninasimama. Hakuna dereva anayenibishia. Omena naanika mchangani, usiku naiingiza ndani isioze, inachukua siku mbili na nanung'unika zote mbili. Blanketi ni zito, tunalala nalo wawili.