Tata, Kompyuta Yako Imeingia Mtandaoni

Mpendwa tata, baba yangu,

Shikamoo. Najua huko uliko huwezi kuitikia, ila hukunilea nianze kuongea na mkubwa bila kumwamkia.

Naandika nikiwa nimembeba mwanangu mgongoni. Ana miezi minane, meno yanamtoka, na tangu yaanze sijalala usingizi wa kueleweka. Tulimpa jina lako, Mwita. Kwa hiyo na yeye namwita tata, na mama amemfanya mume. Asubuhi anaingia na uji: "Mume wangu, umeamka? Leo huendi kuchunga?" Mtoto anacheka tu. Mama anamwambia, "Ndivyo ulivyokuwa ukicheka nikikuuliza mambo ya maana."

Nataka nikueleze habari ya kompyuta, ile uliyoninunulia.

Unakumbuka ulivyompeleka mnadani yule mtamba mwekundu. Kwetu binti ndiye anayeleta ng'ombe nyumbani, wa mahari. Wewe ulimtoa ng'ombe kwa ajili ya binti, tena binti aliyemaliza kidato cha nne kwa alama za kawaida na kozi ya kompyuta ya miezi sita. Pale kijijini Machochwe walikucheka wee. Jirani mmoja alikuja mpaka uani, akaiangalia kompyuta pale mezani, akakuuliza, "Mwita, hii inazaa lini?" Ukamjibu, "Ikishiba umeme."

Siku nilipoiunganisha na simu mara ya kwanza ulivuta kigoda ukakaa karibu. Uliangalia nyuma ya kompyuta, ukaangalia chini ya meza.

"Waya uko wapi?"

"Hakuna waya, tata. Intaneti inapita hewani."

Ukapitisha mkono polepole kati ya simu na kompyuta, kama mtu anayepapasa utando wa buibui. "Inapita hapa?"

"Inapita."

"Na mkono wangu hauizuii?"

Nikakwambia hauzuii. Ukaurudisha mkono, ukasema, "Basi tunapishana na mambo mengi."

Wiki ile tuliyokuzika niliizima, nikaizungushia kitenge, nikaifungia kwenye sanduku la bati. Nikaolewa, nikaja nayo huku Morotonga, mama akanifuata nilipojifungua, na sanduku sikulifungua. Hata mume wangu, akirudi kutoka machimboni Nyangoto na kuniuliza, namwambia ni mbovu. Haikuwa mbovu. Ni mimi niliyekuwa siwezi.

Mwezi uliopita kambi moja ya watalii ikatangaza kazi ya kujibu barua za wageni wanaotaka nafasi. Unafanyia nyumbani. Tata, kazi ya nyumbani, na mtoto ananyonya. Ya namna hiyo nitaipata wapi tena? Nikaomba, wakaniita kwenye usaili wa kuandika, Jumatano saa nane mchana, kwa kompyuta, simu hawakubali. Asiyeingia saa nane kamili, wanahesabu hakuja.

Nilipaswa kuijaribu mapema. Sikuijaribu. Nilifungua sanduku Jumatano ileile, saa nne asubuhi.

Nikaichomeka kwenye umeme na ikawaka. Miaka yote ile ndani ya bati, na ikawaka kama mtu aliyejipumzisha kidogo. Lakini nilipotafuta waifai ya nyumbani, haikuiona. Nikaizungusha chumbani, nikaipandisha juu ya kabati, wapi. Simu yangu nilishaacha kuinunulia bando tangu tuwekewe ruta, kile kisanduku cha waifai, kwa hiyo hata intaneti ya kuazima kwenye simu sikuwa nayo. Nikampigia kaka Ramadhani, fundi wa simu wa Mugumu, nikamkuta yuko njiani kwenda Tarime kuchukua mzigo.

"Zima, uwashe," akasema.

"Nimezima nimewasha mpaka kidole kinauma."

"Zima tena, dada. Hizi mashine zinataka kubembelezwa."

"Mimi nina mtoto wa kubembeleza, kaka Rama. Nipe kingine."

Akacheka, mtandao ukamkata. Saa sita ikapita. Mtoto analia, mimi nakimbia kutoka chumbani kwenda sebuleni na kompyuta mikononi na waya wake unaburuzika nyuma, na ndipo nilipokuona wewe.

Nilikuona siku ile ng'ombe alipopotelea upande wa hifadhi. Vijana wote walitawanyika na fimbo, kila mmoja na kichaka chake. Wewe ulikaa chini zizini. Nilikuonea hasira. Ukaniuliza, "Mara ya mwisho amekunywa maji wapi?" Tukaenda pale mtoni, ukainama, ukasoma matope, tukafuata nyayo moja baada ya nyingine bila kuruka hata moja. Tulimkuta kabla vijana hawajarudi.

Basi nikaketi. Nikajiuliza, waifai yenyewe ipo? Nikachukua simu nikaiangalia: na simu haikuiona. Kumbe kosa haliko kwenye kompyuta. Nikafuata nyayo hadi dirishani, kwenye ruta, na juu ya ruta nikakuta sufuria imefunikwa. Ile kubwa ya ugali.

"Mama, hii sufuria?"

"Nimeifunika mimi. Vile vitaa vinamkodolea macho mume wangu, halali."

"Mama, sufuria inazuia mawasiliano."

"Si ulisema yanapita hata ukutani?"

"Ukutani yanapita. Kwenye bati nene yanakwama."

"Basi hayana nguvu hivyo," akasema, akaenda zake na sufuria.

Waifai ikaonekana. Nikaweka paswedi, ikakubali, alama ikajaa. Nikafungua ukurasa wa usaili, ukagoma. Kila ukurasa niliofungua uligoma. Kilikuwa kinatokea kitangazo, na mimi nakifunga upesi upesi kama mtu anayefukuza kuku. Nimekifunga mara nyingi sana. Ilikuwa imebaki nusu saa, nami nilikuwa nimeanza tena kukimbia huku nimekaa.

Nikakiacha kitangazo nikakisoma. Kilisema saa ya kompyuta iko nyuma.

Nikaangalia pembeni chini. Tata, tarehe iliyokuwa pale ilikuwa ya mwaka ambao ulikuwa hai. Kaka Rama alinieleza baadaye kwamba ndani kuna betri ndogo ya kutunza saa, nayo ikifa, mashine hurudi kwenye tarehe yake ya mwanzo, na kurasa za mtandaoni hukataa mgeni ambaye saa yake haifanani na ya wengine. Lakini pale sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba kwa kompyuta ile wewe uko Machochwe unatoa ng'ombe zizini, na mtamba mwekundu bado ni ndama. Humo ndani ya mashine ulikuwa hujafa, na ili niingie kwenye usaili ilinibidi niisogeze tarehe.

Mkono ukakataa.

Mama akaja na mtoto. "Unalia nini, imekufa?"

"Haijakufa. Inadhani tata yuko hai."

Mama hajui kusoma, unajua. Aliinama akaangalia pale pembeni nilipomwonyesha, akaangalia muda mrefu, kama vile ulivyoangalia wewe ukitafuta waya. Kisha akasema, "Iambie ukweli. Mimi niliambiwa."

Nikaanza kubonyeza mwezi kwa mwezi. Nilipita mvua za mwaka ule ulipoanza kukohoa. Mwezi uliotuacha niliupita kwa kubonyeza mara moja tu, na hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo, kwamba mwezi ambao mimi sikuweza kuuvuka kwa miaka uliisha kwa kidole kimoja. Nikapita harusi, nikapita alipozaliwa huyu mgongoni, nikafika Jumatano. Nikafungua ukurasa. Ukafunguka wote, mweupe, kama mlango ambao haukuwahi kufungwa.

Zilibaki dakika nne. Mama akamfunga mtoto mgongoni akatoka naye uani, nami nikaandika mpaka waliponiambia muda umekwisha.

Wameniandikia, tata. Naanza Jumatatu. Kompyuta nimeiweka mezani, kitenge chake nimembebea mjukuu wako huyu. Sitaifungia tena sandukuni, na tarehe sitairudisha nyuma, usinilaumu. Betri ndogo kaka Rama ameniahidi kuibadilisha.

Ila jana nilimkalisha mtoto karibu na dirisha. Akaviona vitaa, akanyoosha mkono, akaupitisha hewani polepole mbele ya ruta, kurudi na kwenda. Mama akauliza, "Anatafuta nini huyo?"

Nikamwambia, "Waya."

Mama akaweka chini ungo wake, akakaa.

Pumzika, tata. Huku tunaendelea kupishana na mambo mengi.

Ni mimi binti yako, ambaye siku hizi ndiye anayekuogesha.